Panda kinga, lakini uhesabu moyo wako mwenyewe



Mara hii ukurasa wetu hautasema juu ya kofia, viatu wala vumbi la mgodini. Utasema juu ya kinga, ile ambayo wenzetu wa pwani wanaiita baiskeli, na juu ya moyo wa mtu anayeipanda.

Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika. Tangu hapo vijana wetu wengi wamepata moto mpya. Siku ya mapumziko, kama njia ina usalama, wanatoka Bunia, wanapita Bogoro na Kasenyi, wanafika Tchomia kwenye Ziwa Albert, wanakula samaki, halafu wanarudi. Hata wazee wa miaka 45 na 50 wamejiunga nao. Jambo hilo ni jema. Mtu anayepanda kinga mara tatu kwa juma anasaidia moyo wake, anapunguza mafuta ya tumbo, na anapata usingizi mzuri.

Lakini kwenye dispansere swali limekuwa moja: "Munganga, moyo wangu unaweza kupiga mara ngapi kwa dakika moja kabla ya kufika mwisho?" Na mara nyingi anayeuliza amekuja na jibu lake tayari, amelitoa kwenye simu au kwenye saa ya mkononi: chukua 220, toa miaka yako. Mwenye miaka 20 anapata 200. Mwenye miaka 40 anapata 180. Mwenye miaka 50 anapata 170.

Mimi nasema hivi: hesabu hiyo inafaa kwa kuanzia, lakini haifai kuwa shefu wako. Sikiliza sababu zangu.

Hesabu hii ilitoka wapi?

Ilipata kujulikana mwaka 1971. Wataalamu wa Marekani, Fox, Naughton na Haskell, waliandika juu ya mazoezi na namna ya kuzuia ugonjwa wa moyo. Walikusanya matokeo ya uchunguzi mbalimbali wa watu wengine, wakaona kwamba mstari rahisi unapita karibu na katikati ya matokeo hayo. Hawakupima watu kwa ajili ya kutunga sheria ya wapanda kinga. Lakini kwa sababu hesabu ni rahisi na kila mtu anaweza kuifanya kichwani, ilienea dunia nzima, ikaingia katika vitabu, na leo imo ndani ya mashine.

Mwaka 2001 wataalamu wengine, Tanaka, Monahan na Seals, walikusanya uchunguzi 351 wenye watu 18,712. Wao wakatoa hesabu nyingine: zidisha miaka yako kwa 0.7, halafu toa jibu katika 208. Tujaribu. Kwa miaka 40, hesabu zote mbili zinatoa 180. Kwa miaka 20, ya zamani inatoa 200, na hii inatoa 194. Kwa miaka 60, ya zamani inatoa 160, na hii inatoa 166. Maana yake, hesabu ya zamani inawapandisha vijana na kuwashusha wazee.

Hii ya pili ni bora kidogo. Lakini hata hiyo inasema juu ya watu wengi waliowekwa pamoja, haisemi juu ya wewe peke yako.

Watu watatu wa miaka 40

Tuchukue mfano. Wafanyakazi watatu wana miaka 40 wote. Karatasi inawapa wote 180. Sasa tuseme tumewapima kweli hospitalini, mbele ya daktari. Wa kwanza moyo wake unaishia 165. Wa pili unaishia 180. Wa tatu unaishia 196. Usishangae, wala hakuna aliye mgonjwa kwa sababu ya namba hiyo. Watu wa umri mmoja hutofautiana kwa mapigo 10 au 12 juu na chini ya kipimo cha katikati, na wachache hutofautiana kwa 20 na zaidi. Ni kama urefu wa mwili: umri mmoja, urefu mbalimbali.

Basi wote watatu wanaambiwa: "Leo panda kwa mapigo 153." Kwa wa tatu hiyo ni kazi ya kawaida, anaongea na kucheka. Kwa wa kwanza ni karibu na mwisho wa nguvu zake. Akilazimisha saa nzima kwa sababu saa ya mkononi imemwambia bado ana nafasi, atashuka juu ya kinga anatapika. Namba ni ile ile, lakini kazi ya moyo si ile ile.

Tena moyo unaoishia 196 haushindi ule unaoishia 165. Kipimo hicho hakionyeshi nani ana nguvu, na mazoezi hayakipandishi. Kinachobadilika kwa mazoezi ni kwamba moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, hivyo unapumzika zaidi wakati wa kukaa. Kwa hiyo vijana, msishindane kwa namba hiyo.

Kinga si mbio za miguu

Aliyepima moyo wake katika mbio asichukue namba ile ile kwenye kinga. Juu ya kinga kiti kinabeba mwili, na kazi kubwa ni ya mapaja. Kwa watu wengi, hasa wasiozoea kinga, kipimo cha juu kinashuka kwa mapigo kama 5 hadi 10.

Joto nalo linadanganya. Tchomia iko chini, kwenye mita karibu 620 juu ya bahari, na jua la ziwani mnalijua. Bunia iko karibu mita 1,275. Mwili ukipata joto na kupoteza maji, mapigo yanapanda hata kama mwendo haukuongezeka. Unaweza kuona mapigo 10 zaidi kwa kazi ile ile uliyofanya asubuhi. Hapo dawa ni kupunguza mwendo na kunywa maji.

Na wale ndugu wanaopandisha mizigo ya samaki na makayabo kwa kusukuma kinga kwenye mlima wa Bogoro, kwao namba inasema nusu tu ya habari. Mtu anayebana mikono, anayesukuma mzigo na kuzuia pumzi, shinikizo la damu yake linapanda sana hata kama mapigo hayajafika juu. Ushauri wangu kwao: usizuie pumzi. Simama mara kwa mara, weka kinga kwenye mti wake, pumua hadi urudi sawa, halafu endelea.

Basi ufanye nini?

Kwanza, jua mapigo yako ya kupumzika. Asubuhi, kabla ya kuondoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba kupimia, maana kina mapigo yake yanayoweza kukuchanganya. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Fanya asubuhi tatu, andika. Kwa mtu mzima mzima wa afya huwa kati ya 60 na 100, na aliyezoea mazoezi anaweza kushuka chini ya 60. Mama, kazi hii unaweza kumsaidia mume wako. Watoto wanaojua kuzidisha watafurahi kufanya hesabu.

Pili, tumia hesabu inayotazama mapigo hayo. Karvonen wa Finland na wenzake walionyesha njia hii mwaka 1957. Mfano: una miaka 40, kipimo cha juu cha makadirio ni 180, na mapigo ya kupumzika ni 70. Toa 70 katika 180, inabaki 110. Hiyo ndiyo akiba ya moyo wako. Nusu ya akiba ni 55. Ongeza 70, unapata 125. Sehemu 7 kati ya 10 za akiba ni 77. Ongeza 70, unapata 147. Basi safari zako nyingi zikae kati ya 125 na 147. Lakini kumbuka, ile 180 bado ni makadirio. Kwa hiyo ongeza kipimo cha tatu.

Tatu, sikiliza pumzi yako. Kama unaweza kuimba, unakwenda polepole. Kama unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pazuri. Kama unatoa neno moja moja, unafanya kazi kubwa, nayo ifanywe kwa muda mfupi na wale waliozoea. Namba na pumzi zikipingana, amini pumzi.

Nne, ukitaka kuhesabu njiani, toka kabisa barabarani, shuka, anza kuhesabu mara moja kwa sekunde 15, halafu zidisha kwa 4. Ukipata 35, ni 140. Usingoje, maana moyo unashuka upesi. Saa ya mkononi inakosea mara nyingi kwenye njia ya mashimo, kwa kuwa mkono unatikisika. Mkanda wa kifuani unasoma vizuri zaidi.

Wasiotafuta mwisho wa moyo

Kijana mwenye afya, aliyezoea kwa miezi, anaweza kupata kipimo chake cha kweli kwenye mlima mfupi, akiwa amepasha mwili moto na mwenzake yuko karibu. Wengine nawakataza mpaka wapite kwanza kwa daktari:

1. Aliyepita miaka 40 na hajazoea mazoezi, hasa mvuta sigara.
2. Mwenye tansio au ugonjwa wa sukari. Dawa nyingine za tansio, kama atenolol na propranolol, zinazuia moyo kupiga haraka. Mtu anayezimeza hawezi kufika namba ya karatasi, na akijilazimisha kuifuata atajiumiza. Wala asiache dawa ili namba ipande.
3. Aliyeambiwa utotoni kwamba ana ugonjwa wa moyo, au ambaye ndugu yake alikufa ghafla akiwa kijana.
4. Mwenye sikoseli, au aliyepungukiwa damu.
5. Mwenye homa. Malaria inapandisha mapigo hata mtu akiwa amelala. Kama asubuhi umepata mapigo 10 zaidi ya desturi yako, kaa nyumbani siku hiyo. Vivyo hivyo anayetoka zamu ya usiku: alale kwanza.

Na kila mtu ajue dalili za kusimama mara moja: maumivu au uzito kifuani, maumivu yanayokwenda kwenye mkono au taya, kizunguzungu, mapigo yanayoruka ovyo, pumzi isiyorudi baada ya kupumzika. Hapo usiseme "nitamaliza mlima kwanza". Kaa chini, wenzako watafute gari, uende hospitali.

Ombi langu

Kwa wakubwa wa kompani na kamati ya michezo naomba mambo matatu. Kabla ya kuchagua timu ya mashindano ya 1 Mei, kila mpanda kinga apimwe tansio, mapigo na damu. Mazoezi ya wanaoanza yafanyike mahali pa tambarare, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mlima waachiwe waliozoea. Na kiongozi wa mazoezi asimfukuze mtu wala kumcheka kwa sababu hakufika namba ya karatasi. Kupima mtu kabla ya mazoezi ni gharama ndogo. Mjane na yatima ni gharama ambayo hakuna kompani inayoweza kuilipa.

Na wewe msomaji, ukisikia tena "220 toa miaka", usiikatae wala usiiabudu. Ni kama kilometa zilizoandikwa kando ya njia: zinakuambia karibu uko wapi, hazikuambii miguu yako imechoka kiasi gani. Hesabu mapigo yako, sikiliza pumzi yako, panda polepole, na urudi nyumbani salama. Jamaa yako inakungoja.