Maradhi ya kujinyima chakula: Nani akae mezani na mgonjwa?

Kwa miongo mingi madaktari wa Ulaya walishikilia kwamba msichana anayejinyima chakula hadi kukonda kupita kiasi hawezi kupona akiwa nyumbani kwao. Leo nchini Uingereza mwongozo wa matibabu unasema kinyume chake: kwa watoto na vijana, tiba ya kwanza huwahusisha wazazi wenyewe.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa urahisi, na bado hayajakamilika.

Daktari William Gull wa London ndiye aliyeyapa maradhi hayo jina la anoreksia nevosa katika miaka ya 1870. Kwa maoni yake, jamaa wa mgonjwa ndio waliokuwa wauguzi wabaya kuliko wote. Mjini Paris, Jean-Martin Charcot alitaka wagonjwa watengwe kabisa na wazazi wao.

Wazazi washika hatamu

Msimamo huo ulitikiswa katika hospitali ya Maudsley, kusini mwa London. Mwaka 1987, Profesa Gerald Russell na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 80 waliokuwa wametoka hospitalini. Vijana ambao maradhi yaliwaanza kabla ya kutimiza miaka 19, na hayakuwa yamedumu kwa muda mrefu, walipata nafuu zaidi walipotibiwa pamoja na familia kuliko walipotibiwa peke yao.

Katika tiba hiyo, wazazi ndio wanaoamua mtoto ale nini na kiasi gani, nao hukaa naye mezani hadi amalize. Uzito unaporejea, kijana hurudishiwa polepole uhuru wa kujiamulia. Mtaalamu hatafuti wa kulaumiwa. Huwafundisha wazazi kupambana na maradhi bila ya kupambana na mtoto.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, uliowahusisha vijana 121, ulionyesha kuwa mwaka mmoja baada ya matibabu asilimia 49 ya waliotibiwa kwa njia hiyo walikuwa wamepona, ikilinganishwa na asilimia 23 ya waliotibiwa peke yao. Hata hivyo, takwimu hizo zinamaanisha pia kwamba nusu walikuwa bado hawajapona.

Kwa watu wazima, madaktari hutegemea zaidi tiba za mazungumzo, ikiwemo ile iliyoendelezwa na Profesa Christopher Fairburn wa Oxford. Wagonjwa ambao moyo au chumvi za mwili zimeathirika hulazwa, na hata huko hulishwa kwa uangalifu, kwani mwili uliodhoofika kwa njaa unaweza kufa ukishibishwa ghafla.

Mizani isiwe hakimu

Mwongozo uliotolewa mwaka 2017 unawataka madaktari wasitumie kipimo kimoja, kama vile uzito, kuamua nani apewe matibabu. Desemba mwaka huo huo, msimamizi wa malalamiko ya huduma za afya alitoa ripoti kuhusu msichana wa miaka 19 aliyefariki dunia mwaka 2012. Alihitimisha kwamba kifo hicho kingeweza kuepukwa.

Serikali iliweka lengo la asilimia 95 ya watoto walio katika hali ya dharura kuanza matibabu ndani ya wiki moja, na wengine ndani ya wiki nne. Lakini baada ya janga la korona la mwaka 2020 idadi ya wanaohitaji huduma iliongezeka mno, na foleni zikarefuka.

Mtihani kwa familia za ughaibuni

Kwa familia za Afrika Mashariki zilizoko Uingereza, kikwazo cha kwanza ni jina. Tukisema mtoto "hana hamu ya kula" tunakosea, kwa sababu mara nyingi njaa anaihisi. Anachoogopa ni kunenepa. Anayedhaniwa mkaidi au mwenye mawazo ya mitihani anaweza kuchelewa kufikishwa kwa daktari, na kila mwezi unaopita huyapa maradhi mizizi.

Kikwazo cha pili ni muda. Tiba inayomtaka mzazi awepo kila mlo inamhitaji mama anayefanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee aache zamu zake, huku kodi ya nyumba ikimsubiri.

Sayansi imewarudisha wazazi mezani. Linalobaki ni kwa waajiri na serikali kuwawezesha kukaa hapo.