Onyo la Kompyuta Lisipuuzwe
Kompyuta inapokikataa cheti cha usalama, yaani kitambulisho cha kompyuta ya mbali, wengi hubonyeza kitufe cha kuendelea bila kusoma onyo. Tabia hiyo ni ya hatari. Mwaka 2011 wadukuzi waliiingilia DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitoa vyeti, wakajipatia vyeti bandia vya Google. Onyo la kompyuta ndilo lililoifichua hila hiyo huko Irani.

Hata hivyo, si kila onyo ni dalili ya udanganyifu. Betri ya saa ya kompyuta ikiisha nguvu, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na cheti halali huonekana kana kwamba hakijaanza kutumika.

Kwa hiyo yafaa walimu wawazoeze wanafunzi kusahihisha tarehe kwanza, kisha kuweka toleo jipya la programu. Onyo likidumu, wasiendelee, wala wasiandike neno la siri.