Mzazi, usimnyang'anye mtoto baiskeli, mpe breki na kofia ngumu

Mvulana wa miaka 14 alianguka jioni akiteremka na baiskeli, mkungu wa ndizi ukiwa kwenye keria. Aliinuka mwenyewe, akajifuta vumbi na kuikokota baiskeli hadi nyumbani. Akala chakula cha usiku kama kawaida. Usiku alitapika mara mbili, wazazi wakadhani ni chakula kimemkataa. Asubuhi mama yake alimwita aende shule, hakuitika.

"Lakini alikuwa anaongea vizuri, daktari," mama aliniambia. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi. Kumbe damu ilikuwa ikijikusanya taratibu ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo. Alifanyiwa upasuaji na yu hai, lakini mkono wake wa kulia hauna nguvu kama zamani, na darasani anasahau haraka.

Wewe unayeishi Bulwa, Kwamkoro, Amani au kule Lushoto unaifahamu miteremko ninayoizungumzia. Amani iko karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, Muheza mjini karibu mita 200. Anayeshuka njia hiyo kwa baiskeli anateremsha mwili wake na mzigo wake mita 700, na kinachomzuia ni vipande vidogo vya raba. Barabara ikitengenezwa tunashangilia, na ni haki yetu, lakini barabara ikilainika na mwendo huongezeka.

Sisemi mtoto asipande baiskeli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayomfanya ahemee. Baiskeli inampa hayo bila gharama ya ziada. Inaimarisha moyo na mapafu, inazuia unene na inampa usingizi mzuri. Ukimnyang'anya, umemnyima dawa.

Ila sikubaliani na wanaosema mtoto wa kiume lazima aanguke ndipo akue. Kuchubuka goti ni sehemu ya kukua. Kupasuka fuvu si kukua.

Wageni huja kuendesha baiskeli kuzunguka Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na wengine huenda Magamba, Lushoto. Wengi wao huvaa kofia ngumu. Watoto wetu husimama kando ya mashamba ya chai wakiwapungia mkono, kisha hushuka mteremko uleule vichwa wazi, wengine wakifunga breki kwa kukanyaga tairi na kandambili. Mgeni anapita pale siku moja, mtoto wako anapita kila siku. Ni nani anayeihitaji zaidi kofia hiyo?

Kofia ngumu si vazi la kizungu. Uchambuzi wa tafiti 40 uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 waliojeruhiwa, ulionyesha kwamba uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa pungufu kwa karibu asilimia 69 kwa waliovaa kofia. Ni dawa chache ninazoandika zenye matokeo kama hayo.

Utaniambia hela hakuna. Naelewa. Basi anza na yasiyo na gharama kubwa. Kabla mtoto hajatoka, bana breki zote mbili na uisukume baiskeli mbele. Magurudumu yakizunguka, baiskeli hiyo haiendi popote mpaka raba au waya ubadilishwe. Mfundishe kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Mvua ikinyesha rimu hulowa na breki haishiki haraka, kwa hiyo aanze kubana mapema. Asipakie mwenzake, na penye mteremko mkali ashuke akokote. Hakuna aibu.

Ukipata kofia ya mtumba, ikague. Yenye ufa au iliyowahi kugongwa haifai tena. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ufungwe chini ya kidevu, isicheze kichwani.

Kwa walimu, serikali za vijiji na wanaopokea wageni nina ombi moja: wekeni kofia chache za pamoja shuleni au ofisi ya kijiji, ziazimwe na watoto wanaosafiri na baiskeli. Mlima unaotuletea wageni usituachie watoto vilema.

Mtoto akianguka na kugonga kichwa, mwangalie kwa karibu kwa saa 24 za mwanzo, na usimwache alale peke yake usiku huo. Mpeleke hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya: alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia kuliko kawaida au haamki vizuri, anachanganyikiwa, degedege, mboni za macho hazilingani, udhaifu wa mkono au mguu, au damu au maji yanayotoka puani au masikioni. Usimpe aspirini, maana huongeza kuvuja damu. Kama shingo inauma, msimpakie mishikaki kwenye bodaboda. Mlazeni chali, kichwa na shingo visitikisike, tafuteni gari.

Kutoka Bulwa hadi kwenye hospitali kubwa ni safari ya milima na kona, hivyo saa unazosubiri "tuone kesho" ndizo anazozihitaji kufika. Mama wa yule kijana hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtoto anaweza kuanguka, akaongea, akala, na bado akawa hatarini. Wewe sasa umeambiwa. Leo jioni, kabla giza halijaingia, toka nje ukazikague breki za baiskeli ya mwanao.