Kasi ya Miguu Hufundishika

Mwandishi anayedai kwamba kasi ya kukanyaga pedali ni ya kuzaliwa, na kwamba baiskeli ya mazoezi ya ndani haiibadilishi, anawakatisha watu tamaa bure. Mfano wake wa mwendesha baiskeli Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kupanda mlima Mont Ventoux mwaka 2013 kwa miguu ya kasi ajabu, haumsaidii. Kipaji cha bingwa hakimzuii mwingine kutoka mizunguko 65 kwa dakika kufika 85.

Chukua wati 200. Ukitoka mizunguko 60 hadi 90, nguvu ya kila mkanyago inapungua kwa theluthi moja, na mapaja yanapata nafuu, ingawa moyo huenda mbio zaidi.

Barabarani kuna matuta na bodaboda. Ndani hakuna cha kukukatiza. Legeza breki, zungusha kwa kasi dakika moja, pumzika, rudia. Makalio yakianza kurukaruka kwenye siti, umepitiliza: punguza hadi kiuno kitulie, ubaki hapo. Ila usiilegeze breki kabisa, maana gurudumu zito litaizungusha miguu yako lenyewe.