Saa ya Bukavu si saa ya Kinshasa

Asante ndugu mwandishi kwa kutuchambulia funksheni za MySQL. Ila kwenye NOW(), inayotoa tarehe na saa ya sasa, umepita haraka mno, na sisi wa Bukavu ndipo tunapoumia. Huku tuko saa mbili mbele ya UTC, Kinshasa saa moja tu. Seva ikifuata saa ya Kinshasa, mtoto aliyezaliwa hapa Kadutu saa sita na dakika 20 usiku, tarehe 1 Januari, akisajiliwa papo hapo kwa NOW(), ataandikwa wa tarehe 31 Desemba. Mwaka wake wa kuzaliwa umeharibika kwenye karatasi zote! Dawa ni mstari mmoja, mara programu inapoungana na hifadhidata: SET time_zone = '+02:00'. Kuongeza saa moja kwa mkono kila mahali ni kujitafutia balaa.

Tena kuna majina. Mkongomani ana jina, postinomu na prenomu. Ukiyaunganisha kwa CONCAT na postinomu ikiwa NULL, inarudisha NULL, na jina lote la mtu linatoka tupu kwenye orodha. CONCAT_WS(' ', jina, postinomu, prenomu) inaliruka pengo hilo. Tafadhali ongeza mifano hii, wanafunzi wetu wanakusoma.