Msiicheke modeli ya saruji

Sisi waandikaji programu tuna kiburi kibaya. Kazi ikishawezekana kwa kompyuta, tunawacheka waliokuwa wakiifanya kwa mikono. Nikiwatajia wenzangu modeli ya ghuba ya San Francisco, iliyoko Sausalito, Marekani, wananiambia: "Kumbe watu wazima walikuwa wakichezea maji kwenye karai!"

Karai gani? Wahandisi wa Jeshi la Marekani waliijenga miaka ya 1950. Upana umepunguzwa mara 1,000, kina mara 100, na muda nao mara 100, kwa hivyo siku nzima ya maji kujaa na kupwa huisha kwa dakika 15 hivi. Majaribio yake ndiyo yaliyoonyesha kwamba mpango wa John Reber wa kuziba ghuba kwa kuta mbili haufai. Miaka ya 1960 ikarefushwa hadi delta ya mito ya Sacramento na San Joaquin. Swali lilikuwa hili: njia ya meli ikichimbwa iwe na kina zaidi, chumvi itapanda mtoni hadi wapi? Maji ya chumvi ni mazito, hutambaa chini kufuata mfereji uliochimbwa, na huko juu kuna mashamba na watu wanaokunywa maji hayo.

Kasoro zipo, sikatai. Kina kimekuzwa mara 10 kuliko upana. Tope nalo halipunguziki: saga chembe ya mchanga mara 1,000 na utapata vumbi lenye tabia nyingine kabisa. Tena ilibidi vipande vya shaba maelfu kwa maelfu vipandwe humo kupunguza kasi ya maji, mpaka vipimo vikalingana na vya ghuba yenyewe.

"Basi walilazimisha jibu!" Na wewe je? Programu yako ina namba ya msuguano wa sakafu ya bahari, nawe unaizungusha mpaka grafu ikubali. Hiyo ndiyo shaba yako. Ya Sausalito mtu anaiona kwa macho, yako umeificha kwenye faili.

Sidai turudi kwenye saruji. Utafiti pale ulikoma mwaka 2000, na kompyuta imeshinda kihalali. Ninachodai ni kwamba kabla mashine haijaanza kuchimba, mwenye programu aweke wazi namba alizozungusha, kisha atabiri vipimo ambavyo hakuvitumia kuzirekebisha. Akishindwa, hizo rangi zake nzuri kwenye skrini ni katuni tu, na mkulima ndiye atakayeonja chumvi.