Dawa ya Shosho Ni Poa, Lakini Ilichimbwa Wapi?

Msee, kabla umalize hicho kikombe cha mizizi ati kwa sababu "haina kemikali", hebu nikuulize swali moja: hiyo mizizi ilimea kwa mchanga gani?

Chukua Kibirichia, huko Buuri, Meru. Ukitaja hiyo place, kila mtu anawaza waru. Na waru ya baridi, manze, lazima ipuliziwe, la sivyo ukungu unaimaliza kwa siku chache. Dawa nyingi za ukungu ziko na shaba, na mankozebu iko na zinki na manganizi. Weka DAP juu yake: mbolea za fosfeti hutoka kwa mawe, na mengi ya hayo mawe huja na kadimiamu yake. Mchanga ukiwa na asidi, mmea unavuta kadimiamu haraka zaidi.

Sasa angalia kando ya hiyo shamba. Thabai imejimea tu. Aloe iko kwa ua. Hakuna mtu amezipanda wala kuziwekea mbolea, lakini zinakunywa kutoka kwa mchanga ule ule. Sisemi thabai ya Kibirichia ni sumu. Nasema hiyo stori ya "imejimea yenyewe" haikuambii kitu.

Na usiniambie utachemsha. Moto unaua viini, chuma hauwezi. Ukichemsha hadi supu ipungue nusu, ile iliingia kwa maji inabaki, maji ndiyo yanaenda. Mimi niliacha chuo katikati na bado hiyo hesabu naielewa.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kwa mimea ya dawa iliyokaushwa: miligramu 0.3 za kadimiamu kwa kilo, na 10 za risasi. Kadimiamu ikiingia kwa figo inakaa miaka na miaka. Risasi ndiyo inaharibu akili za watoi. Uliza watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu hapo mlangoni. Korti iliwapa fidia ya bilioni 1.3 mwaka wa 2020, na ikabidi wangoje hadi Desemba 2024 ndio Mahakama ya Juu iseme walipwe. Hao angalau walikuwa na kiwanda cha kushtaki. Wewe na mizizi yako ya soko utashtaki nani?

Dawa ya chupa ikitaka kuuzwa dukani, lazima ipitie kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Gunia la magome pale stage halipitii kwa mtu. Kwa hivyo muulize anayekuuzia amechimba wapi. Akisema "msituni", muulize msitu gani.